Nishani 60 zilizokuta wenyewe wameshaondoka

Mei Mosi inapokaribia, steshenari za mjini huwa na kazi moja kubwa: vyeti. Karatasi ngumu yenye mpaka wa rangi ya dhahabu, nembo ya taasisi juu, nafasi ya saini mbili chini, na katikati mstari mtupu unaosubiri jina. Juzi nilipanga foleni kutoa kopi, mbele yangu ofisa utumishi mmoja akiwa na orodha ya wafanyakazi hodari wa mwaka. Kijana wa kompyuta alikuwa amekosea majina mawili kati ya saba. Moja likarekebishwa. La pili likaachwa, maana karatasi zilikuwa zimebaki chache na mwenye jina, kwa maelezo ya ofisa yule, alistaafu tangu Januari na huenda asionekane uwanjani.

Niliporudi nyumbani nilitoa kabatini vitabu viwili ambavyo hunijia kichwani kila mwaka msimu huu. Kimoja ni shajara za mwisho za David Livingstone, zilizohaririwa na rafiki yake, Kasisi Horace Waller, na kuchapishwa London mwaka 1874. Kingine ni Dark Companions cha Donald Simpson, mkutubi wa Royal Commonwealth Society, kilichotoka mwaka 1975. Simpson alifanya kazi ambayo wengi hawakuiona kuwa ya maana: alifuatilia mmoja mmoja Waafrika waliowabeba, kuwalinda, kuwapikia na kuwatafsiria wapelelezi wa Kizungu, akauliza kila mmoja aliishia wapi na alilipwa nini.

Humo ndimo nilimojua kwamba tuzo ya utumishi wa muda mrefu haikuanzia kwetu kwenye viwanja vya Mei Mosi. Ilipita kwanza kwenye njia ya misafara, kati ya Tabora na Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi.

Mmoja wa waliotangulia kuipata alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, kisha akarudi Unguja akiwa mtu huru. Mwaka 1857 alijiunga na wapelelezi Burton na Speke. Alirudi bara na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871, halafu na Cameron, waliyevuka naye bara zima hadi pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Katika safari hizo alipoteza meno ya mbele kwa ngumi ya Speke, mwajiri wake. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampangia pensheni. Alifariki mwaka 1885. Kwa mpagazi wa karne ile, kuzeeka huku ukipokea pensheni lilikuwa jambo la ajabu, na kwangu mimi pensheni ile ina uzito kuliko nishani. Lakini Bombay alikuwa mtu mmoja. Kisa kilichonifanya niandike ni cha watu sitini.

Wazee wa kazi

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Siku ya wafanyakazi ilikuwa haijazaliwa. Tarehe hiyo iliamuliwa Paris mwaka 1889 kuwakumbuka wagomaji wa Chicago wa 1886. Ni sadfa tu, lakini nimeizoea, na kila nikiona maandamano ya Mei Mosi nawakumbuka watu waliokusanyika alfajiri ile nje ya kibanda cha nyasi, bosi wao amekufa amepiga magoti kando ya kitanda, mshahara wao uko Unguja, na Unguja iko zaidi ya kilomita 1,500.

Kundi lile lilikuwa na matabaka mawili, na bila kulielewa hilo ugomvi wa baadaye hauna maana. Walikuwepo wa zamani. Livingstone aliingia bara kutokea pwani ya Mikindani mwaka 1866 akiwa na watu wa kila namna: askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzwani, vijana waliosomeshwa na wamisionari huko Nashik, India. Askari wakarudishwa, wa Nzwani wakatoroka, wengine wakafa au wakaacha kazi. Kufikia mwaka 1873 wa tangu mwanzo walikuwa watano tu: Susi, Chuma, Amoda, Mabruki na Gardner. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, mtoni Zambezi, aliyekuwa akikata kuni za meli ya Livingstone. Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861.

Na walikuwepo wapya, zaidi ya hamsini, walioajiriwa na Stanley mwaka 1872 na kupelekwa Unyanyembe, eneo la Tabora, kumsaidia mzee. Miongoni mwao alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Nashik, mwenye kusoma na kuandika Kiingereza vizuri.

Asubuhi ile hapakuwa na mkuu wa kuteua mkuu mwingine. Waller anaeleza kwamba watu walikaa wakawageukia Susi na Chuma, wakawaambia kuwa wao ndio wazee wa safari na wazee wa shida, basi waongoze na wengine watatii. Chuma hakuwa mzee hata kidogo. Huenda alikuwa na miaka ishirini na kitu. Alikuwa mzee wa kazi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tuzo ya utumishi mrefu iliyo safi kuliko zote zilizotajwa katika makala haya: ilitolewa na wenzao na ilitolewa siku ilipohitajika. Haikuwa na cheti.

Kwanza waliandika. Jacob aliorodhesha mali yote ya marehemu mbele ya mashahidi, ili baadaye asitokee wa kusema kitu kimepotea. Kisha wakaamua jambo ambalo Chitambo mwenyewe, mkuu wa kijiji, alipopata habari, aliona ni kujitafutia matatizo: kuupeleka mwili pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alipasua akatoa viungo vya ndani. Moyo ulizikwa chini ya mti wa mpundu, Jacob akisoma ibada kutoka katika kitabu chake cha sala. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku kumi na nne, ukafungwa kwa nguo, ukaingizwa katika gamba la mti lililobanduliwa mviringo, juu yake turubai la tanga, kisha ukapakwa lami. Mzigo ukawa na urefu wa kubebwa na watu wawili kwa mti.

Halafu wakatembea miezi tisa.

Vituo vingi vya njia ile vinajulikana na vimeandikwa sana, kwa hiyo nitataja viwili. Tabora, Oktoba 1873, walimkuta Cameron, aliyekuwa amekuja kumtafuta Livingstone huyo huyo. Cameron aliwashauri wamzike pale. Huenda, alisema, mwenyewe angependa kulala Afrika, alikozikwa mkewe. Walikataa. Afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliambiwa hapana na watu ambao hata mshahara wao hawakujua utalipwa na nani. Cameron akachukua baadhi ya vifaa vya kupimia vya marehemu, wao wakaondoka na mwili.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakazuia maiti kupita nchini mwao. Hapo ndipo wazee wa kazi walipoonyesha kazi. Walitangaza kuwa wameshindwa, wanarudi kuzika Unyanyembe. Usiku wakaufungua mwili, wakaukunja na kuufunga upya kama mtumba wa kawaida wa nguo. Wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa vitambaa mpaka yakawa na umbo la maiti, na watu sita wakaondoka nayo mchana kweupe, kwa heshima zote za msiba, kurudi Tabora. Wakiwa porini wakatupa mabua kidogo kidogo, hapa na pale, kisha wakawafuata wenzao kwa njia za vichakani. Yeyote aliyewahi kupitisha mzigo kwenye kizuizi cha ushuru anaweza kuwapigia makofi.

Pwani ya malipo

Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Inasimuliwa kwamba mji ulijulishwa kwa maneno matatu: mwili wa Daudi. Mwili ulilazwa kwenye kanisa la wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambalo mnara wake bado umesimama na watalii huupiga picha kila siku. Kisha ikaja meli ya kivita kuuvusha kwenda Unguja.

Kaimu balozi mdogo wa Uingereza, Kapteni Prideaux, aliwalipa mshahara wao. Baada ya hapo, kazi imekwisha. Wapagazi wa Unguja walizoea kulipwa karibu reale tano kwa mwezi, na hesabu ilipofungwa kila mtu alikwenda zake. Hapakuwa na hotuba. Bajeti ya kuwapeleka watu hao Uingereza wamwone kwa macho yao mzee waliyembeba akizikwa, haikuwepo vilevile.

Nafasi moja tu ilipatikana, na iligharimiwa na chama cha wamisionari cha CMS. Ilikwenda kwa Jacob Wainwright.

Hapa ndipo pana ugomvi, na nitaukalia kidogo kwa sababu kila aliyewahi kufanya kazi ofisini ameuona. Jacob alikuwa na utumishi usiofika miaka miwili. Susi na Chuma walikuwa na miaka minane katika safari ile peke yake, ukiacha ya Zambezi na ya India kabla yake. Lakini Jacob alikuwa mwanafunzi wa CMS, alijua Kiingereza cha kuandika, na alikuwa na shajara yake mkononi. Tarehe 18 Aprili 1874, jeneza lilipoingia Westminster Abbey, Jacob alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza pembeni, pamoja na Stanley. Magazeti yakapata Mwafrika wao wa picha. Wale waliochaguliwa na wenzao kuwa viongozi walikuwa bado upande huu wa bahari.

Sina neno na Jacob. Aliandika orodha ya mali kwa uaminifu, alichonga maandishi kwenye mti wa mpundu, alisoma ibada. Kosa halikuwa lake, ni la waliokuwa wakitafuta mtu wa kupokea sifa wakamchagua anayejieleza kwa lugha yao. Waller naye aliegemea upande wa pili: kitabu chake kimejengwa juu ya masimulizi ya Susi na Chuma, na humo Jacob anakuwa mdogo kuliko alivyostahili. Shajara ya Jacob ilichapishwa kwanza kwa Kijerumani, na kwa miaka mingi wasomaji wa Kiingereza hawakuijua. Hivi ndivyo tuzo ikigawiwa vibaya inavyowafanya watu waliobeba mzigo mmoja waonekane mahasimu.

Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa nauli ya James Young, rafiki wa zamani wa Livingstone aliyetajirika kwa mafuta ya taa. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Walikaa na Waller, wakamweleza maana ya michoro na majina ya watu na mito iliyomo kwenye shajara, na huko Newstead Abbey wakajenga mfano wa kibanda alichofia mzee, ili wenyeji wao waone. Mara nyingi nimejiuliza walikuwa wakiongea nini wawili wale, wakifunga nyasi katika bustani ya Kiingereza.

Ndipo London ikaona haya. Jumuiya ya Jiografia ikaagiza nishani 60 za fedha. Na hapa sina budi kusifu: kwenye ukingo wa kila nishani lilichongwa jina la mwenyewe na maneno yanayosema alikuwa mwaminifu hadi mwisho. Hawakuandika "wapagazi" kwa jumla. Kila mmoja jina lake, hata kama liliandikwa kwa tahajia ya Kizungu ya siku zile, ambayo ilimgeuza Chaupele kuwa Chowpereh.

Ziliwasili Unguja mwaka 1875. Wahusika wako wapi? Novemba 1874 Stanley alikuwa amekusanya msafara mpya mkubwa, na wazoefu wa Livingstone ndio waliotafutwa kwanza. Chowpereh alikwenda. Majwara, kijana aliyekuwa akilala kwenye kibanda cha Livingstone usiku ule wa mwisho, alikwenda. Walipita Ziwa Viktoria, Tanganyika, wakateremka mto Kongo hadi Atlantiki, na waliosalia hawakurudi Unguja hadi Novemba 1877. Wengine hawakurudi. Nishani zilikabidhiwa kwa waliopatikana; nyingine zilibaki zikisubiri watu ambao tayari walikuwa wamebeba mizigo ya mtu mwingine.

Na kuna maneno yale yenyewe, mwaminifu hadi mwisho. Yanampendeza mchongaji, ila yanafuta jambo. Mwaka 1868 wengi wa watu wa Livingstone, hata baadhi ya wale wa tangu mwanzo, waligoma kumfuata kwenda Ziwa Bangweulu. Walichoka. Yeye mwenyewe aliandika shajarani kwamba hakuwalaumu sana moyoni, maana hata yeye alikuwa amechoka kutembea, na aliporudi akawachukua tena kazini. Mtu aliyegoma, akarudi, akabaki miaka mitano mingine na mwisho akambeba bosi wake miezi tisa, ana rekodi nzuri zaidi kwangu kuliko ya mtu asiyewahi kugoma. Lakini nani atachonga hayo kwenye ukingo wa nishani?

Kanzu na baiskeli

Baada ya wapagazi walikuja watawala. Mwaka 1907 Waingereza walianzisha nishani ya utumishi mrefu na tabia njema kwa askari wa King's African Rifles, miaka 18 kazini bila doa, na polisi wa makoloni walipata ya kwao mwaka 1934. Baada ya uhuru jina hilo halikutupwa. Majeshi yetu hadi leo yana nishani ya utumishi mrefu na tabia njema. Kwa raia, mambo yalihamia kwa vyama vya wafanyakazi: NUTA mwaka 1964, kisha JUWATA, OTTU, na sasa TUCTA. Ndiyo miaka ambayo Mei Mosi ikawa siku ya mfanyakazi hodari, na zawadi zikawa vitu vya kubeba: mabati, saruji, redio, baiskeli, baadaye majokofu na runinga.

Baba yangu alikuwa karani wa ghala kwenye shirika moja la umma ambalo sitalitaja. Mei Mosi ya mwaka 1983, akiwa na miaka kumi na tisa kazini, aliitwa mbele ya mgeni rasmi kupokea baiskeli. Waliokuwepo mwaka ule wanajua hali ilivyokuwa: sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi. Baiskeli uwanjani haikuwepo. Alichokabidhiwa ni cheti na karatasi ya kuchukulia baiskeli. Ilipofika ilikuwa mwaka 1985, na ilipelekwa kituo alichokwisha kuhamishwa. Mjomba aliifuata kwa basi. Haikuwa na tandiko.

Hilo la tandiko tulilicheka miaka mingi. Ambalo halikumchekesha ni cheti. Jina lake la kwanza lilikuwa sawa. La babu lilikosewa. Badala ya Seif waliandika Saidi. Baba alikuwa akikishika cheti kile, anakigeuza, anasema kuwa serikali imempatia baba mwingine. Hakikutundikwa hata siku moja. Kilikaa nyuma ya kabati la vyombo, na mama alikuwa akikitoa kila Ramadhani anapofagia, anakipangusa, anakirudisha palepale.

Alipostaafu, shirika lilikuwa kwenye ubinafsishaji na hapakuwa na mtu wa kuandaa sherehe. Wenzake wa ghalani walichanga. Walimtuma kijana mmoja nyumbani kwetu kwa hila, akamwomba mama kanzu kuukuu ya baba, wakaipeleka kwa fundi kuchukulia kipimo, wakamshonea nyingine ya darizi shingoni. Siku ya mwisho walipika pilau katikati ya ghala, kati ya magunia, wakamvika. Kanzu ile aliivaa Idi hadi Idi mpaka ikaisha mabegani, na picha yake iko ukutani pale ambapo cheti kingeweza kuwa.

Najua yupo atakayesema kwamba tunalinganisha ya mpagazi wa 1875 na ya karani wa 1983, na kwamba siku hizi mambo yamenyooka. Yamenyooka kiasi. Kwenye utumishi wa umma tulikuwa na mfumo wa kupima utendaji wa OPRAS, sasa kuna mfumo wa kompyuta wa PEPMIS, na kila mtumishi anajaza malengo yake. Mei Mosi ya 2025, Singida, habari kubwa ilikuwa kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na haki yake. Mtu hali cheti. Ukiongeza mjadala wa kikokotoo cha mafao, unaelewa kwa nini wafanyakazi wengi wakiambiwa habari za tuzo hutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Lakini tabasamu lile linatokana na jinsi tuzo zinavyotolewa. Mabati yamepungua, imekuja hundi. Au tuseme mfano wa hundi, lile bango kubwa la kadibodi ambalo mfanyakazi hodari hulishika kwa mikono miwili mbele ya kamera, kisha hulirudisha kwa sababu taasisi italihitaji tena mwakani. Fedha zenyewe hufuata, na malalamiko kwamba hazikufuata tunayapokea chumba cha habari kila mwaka, kabla Juni haijaisha. Halafu kuna zamu. Idara hii ilipata mwaka jana, mwaka huu ni ya idara ile, na mwakani kitengo cha madereva kisilalamike. Mtu mwenye miaka thelathini anangojea zamu ya meza yake, na wa miaka miwili anaipata kwa kuwa meza yake ndiyo imefikiwa. Jacob Wainwright angeitambua orodha hiyo.

Hoja kwamba tuzo hizi ni mapambo tu siikubali. Mwenye ghala anajua kila rafu, fundi wa mitambo anasikia mlio wa pampu kabla haijaharibika, muuguzi wa zamu anawajua wagonjwa wa mtaa mzima kwa majina. Maarifa hayo hayamo kwenye faili. Wenzake wanajua ni nani anayo, kama walivyojua kwa Chitambo, na mwajiri asipomtambua mtu huyo hadharani vijana wanasoma ishara haraka sana: kukaa sana hapa hakuna faida. Wanaondoka na kidogo walichojifunza.

Chuma hakuingoja jumuiya ya London. Aliwaongoza wamisionari wa UMCA katika misafara ya kusini, kisha mwaka 1879 akawa mkuu wa msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston alikufa mapema njiani, na Thomson, kijana wa miaka ishirini na moja, alirudi salama kwa sababu msafara ulikuwa mikononi mwa Chuma. Alifariki Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda Kongo na Stanley, akarudi, akabatizwa kwa jina la David, akafariki Unguja mwaka 1891. Jacob alifia Urambo mwaka 1892. Wa mwisho kabisa alikuwa Matthew Wellington, kijana mwingine wa Nashik, aliyefariki Mombasa mwaka 1935, zaidi ya miaka sitini tangu msafara ule.

Bagamoyo, pale kwenye mnara wa kanisa la zamani, kibao cha mlangoni kinasema kwamba Livingstone alipita hapo. Ni kweli alipita, akiwa amebebwa. Majina ya waliombeba yanajulikana, yamechongwa tangu 1875, na mafundi wa kuchonga vibao Bagamoyo hawajawahi kukosekana. Idara husika zikitafuta kazi ya kufanya kabla ya 1 Mei nyingine, hiyo iko tayari.

Na kamati zinazokaa wiki hii: kabla orodha haijakwenda steshenari, mpigieni simu kila mmoja mumwulize jina lake na la baba yake yanaandikwaje. Yule aliyestaafu Januari mpelekeeni nyumbani kwake.